Mke Mwenza wa Magurudumu Manne

Utani aliuanzisha mwenyewe, na utani huohuo ukaja kumtokea puani. Siku mumewe alipoliingiza lile basi dogo uani, kinyumenyume, akakata kamba ya kuanikia na kuangusha mashuka yaliyokuwa bado mabichi, Fundi alitoka mlangoni na utepe wake wa kupimia shingoni, akashika kiuno, akasema kwa sauti ya kufika hadi kwa majirani, "Haya, karibu mke mwenza."

Majirani wakacheka. Wifi yake, dada wa mume, aliyekuwa amekuja kuchukua sketi yake, alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Kuanzia hapo basi likawa na jina: Bibi Mdogo. Mtaa mzima ukalidaka. Watu wakipita wanauliza, "Bibi Mdogo ameamkaje?" Fundi anajibu, "Ameamka na mafuta usoni," na wote wanacheka. Naye alicheka pamoja nao, siku za mwanzo.

Mumewe alikuwa dereva, na Dereva ndilo jina lililomganda hata baada ya kuacha kazi. Maisha yake yote ya ndoa aliyapitisha nyuma ya usukani wa basi lile. Alikuwa anatoka watoto wamelala na kurudi watoto wamelala, na Jumapili, siku ambayo waume za watu hukaa nyumbani wakaudhi, yeye alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Kisha ikatoka amri kwamba magari ya umri ule yasibebe tena abiria. Wenzake wakayauza ya kwao kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yeye akaja nalo nyumbani kama mtu anayemrudisha mgonjwa kutoka hospitali.

"Sasa utalifanyia nini?" Fundi alimuuliza.

"Nalifanya nyumba."

"Na hii tunayokaa ni nini? Banda la kuku?"

"Nyumba ya kutembea, Mama Watoto. Inakuwa na kitanda, jiko, maji. Unaegesha popote, unalala, asubuhi unaondoka."

"Nani anaondoka?"

Dereva alitabasamu tu, akaingia chini ya gari.

Ukweli usemwe: Fundi hakuwa mwanamke wa wivu. Ujana wake wote mumewe alibeba wanawake wa kila aina, waliojipulizia manukato na waliobeba samaki, na yeye hakuwahi kumnusa shati. Hakuwa na muda. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, pasi pembeni, na sanamu la kuvalishia nguo, lisilo na kichwa wala mikono. Vipimo vya mtaa mzima vilikuwa kichwani mwake. Hakuviandika popote. Ukipita barabarani alikuwa anajua kama umenenepa kabla hujajua mwenyewe, na kama una adabu alikaa kimya. Mtu asiyeweza kuja kupimwa, kwa sababu yuko safarini au amejifungua juzi, Fundi aliwaambia ndugu zake maneno yaleyale kila mara: "Nileteeni nguo yake inayomkaa. Hiyo inanitosha."

Lakini ule uliomwingia safari hii haukuwa na jina lingine ila wivu. Ulianza na bomba.

Bomba la jikoni mwake lilikuwa linadondosha maji tangu mtoto wao wa mwisho akiwa anasoma. Mlango wa kabati ulikuwa umening'inia kwenye bawaba moja, na ili uufunge ulitakiwa uuinue, uusukume kwa goti, kisha uuombe. Mara ngapi amesema? Na mara ngapi Dereva amejibu "kesho"? Sasa mwanamume huyohuyo wa kesho alikuwa anaamka na kuku kumpiga msasa Bibi Mdogo. Aling'oa viti vyote. Alikwangua kutu kwa mkono. Alipiga mbao kuta zote za ndani, akaweka zulia la plastiki sakafuni, akatoboa paa na kufunga kidirisha cha hewa. Siku moja akapita mbele ya cherehani amekumbatia bomba jipya linalong'aa.

Moyo wa Fundi ukaruka. Akazima cherehani. "Umelinunua?"

"Zuri, eh?" akasema Dereva, na akapita nalo moja kwa moja hadi uani.

Fundi alibaki akiusikiliza mlio wa maji jikoni kwake, tone, tone, na kwa mara ya kwanza hakuona cha kucheka. Roho ilimuuma. Ilimuuma hasa, pale katikati ya kifua, kama kitu kilichomezwa bila kutafunwa.

Basi alipokuja kuombwa ashone mapazia na foronya ya godoro la humo ndani, nusura ameze sindano.

"Vipimo?" akauliza, uso mkavu.

"Ingia tu upime mwenyewe. Mimi nakwenda kwa fundi wa kuchomelea, nitachelewa."

Alingoja hadi mgongo wa mumewe ulipopotea kwenye kona, ndipo akaingia. Alikusudia apime haraka atoke. Lakini macho hayana pazia, na jicho la fundi ni baya zaidi. Kulikuwa na sinki dogo lenye lile bomba jipya, ukikanyaga kipande cha mpira sakafuni maji yanapanda. Kulikuwa na jiko la gesi la mafiga mawili, limezamishwa kwenye meza hadi likalingana nayo. Kulikuwa na droo zenye vikomeo vya mbao ili zisifunguke gari likipita kwenye mashimo. Akavuta moja. Ilitoka laini, bila kelele. Akairudisha. Akaivuta tena. Alisimama pale akivuta na kusukuma droo ile, machozi yakimlenga, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

"Huyu mtu kumbe anaweza," akajisemea. "Miaka yote hii, kumbe anaweza."

Kisha akageuka ili aende kwenye kitanda, na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Njia kati ya meza ya jiko na kitanda haikumtosha. Makalio yake yaligusa huku na huku. Ilibidi ageuke ubavu, avute pumzi, apite kama mtu anayepita kati ya kuta mbili. Akasimama. Akaitazama njia ile kwa jicho la kazi. Kisha akaitazama meza. Ilikuwa fupi mno: Dereva, kwa ule urefu wake, angetakiwa kupiga magoti ili aoshe kikombe. Kwa hiyo meza hii si yake. Juu ya meza kulikuwa na rafu. Fundi akainua mkono kuifikia, na bega lake, lile ambalo miaka ya cherehani imelilaza, likakataa njiani. Kwa hiyo na rafu hii si yangu. Akakipima kitanda: urefu ni wa Dereva, hapana shaka. Upana ni wa watu wawili, lakini wawili wasioona tabu kubanana.

Fundi wa kweli ukimpa vipimo anamwona mtu. Na Fundi alimwona. Alisimama mbele yake pale kwenye sinki, mwanamke mwenye kiwiko hapa, nyonga hapa, mkono unaofika pale juu bila kusikia maumivu. Mwembamba. Mabega yamenyooka. Bado kijana. Alikuwa amepimwa vizuri, kwa makini, na mtu asiyetaka akwaruzwe na kona yoyote. Kona zote za meza zilikuwa zimepigwa msasa hadi zikawa mviringo.

Macho yalimtoka pima. Aliteremka garini bila kupima pazia hata moja.

Sasa ilibaki kujua ni nani. Alikaa mbele ya cherehani bila kushona, akawapitisha wateja wake wote kichwani, mmoja mmoja, akilinganisha nyonga na njia, kiwiko na meza. Wengi hawakutosha hata kwa kusukumwa. Mmoja alitosha kila mahali: mwalimu wa chekechea.

Wifi yake alipofika jioni kunywa chai, alikuta sura ile na akaijua. Wifi alikuwa mtu mwema, ila moto wa mwenzake alikuwa hauzimi kabla hajauona vizuri.

"Mwalimu wa chekechea?" akasema, akiweka kikombe chini. "Sasa wifi, mimi sisemi kitu. Mimi ni ndugu yake kaka yangu. Lakini si ndiye alikuwa anakaa kiti cha mbele kila asubuhi?"

"Alikuwa anakaa mbele?"

"Miaka yote. Hata basi lijae vipi, kile kiti kinamngoja. Mimi mwenyewe nishawahi kuinuliwa pale. Dada wa damu! Kaka yangu ananiambia, dada pisha, hapo pa Mwalimu."

"Na hukuniambia."

"Ningesema nini? Kwamba mtu amekaa?"

Fundi alimwongezea chai wifi yake hadi ikamwagika kwenye kisahani. Usiku wakati wa kula alimtazama mumewe jinsi anavyotafuna kwa amani, na akataka kumrushia kijiko.

"Bibi Mdogo hajambo?" akamuuliza.

"Hajambo kabisa. Anangoja mapazia yako tu."

"Na akishavaa mapazia, mtakwenda wapi?"

"Mbali."

"Wewe na nani?"

Dereva akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeficha peremende mfukoni. "Utaona."

Neno lile lilimkalia Fundi kichwani siku zote zilizofuata. Alilala nalo, akaamka nalo. Akipiga pasi, utaona. Akikata kitambaa, utaona. Sawa, akasema moyoni, tutaona wote.

Mwalimu wa chekechea alikuwa na gauni lake pale karakana, la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake, na ikafika siku ya kuja kulijaribu. Fundi alikuwa amejifunga kibwebwe. Alikuwa tayari amelibana lile gauni kiunoni kuliko inavyotakiwa, na ile akiba ya kitambaa ambayo fundi mwenye huruma huiacha ndani ya mshono, alikuwa ameshika mkasi anaitazama. Akipunguza ile, gauni halipanuki tena hadi kiama.

Mwalimu akaingia, mchangamfu, akavaa. Fundi akapiga goti nyuma yake, pini zimejaa mdomoni.

"Mwalimu," akasema katikati ya pini, "unapenda kusafiri?"

"Mimi? Wacha kabisa, Fundi."

"Kwa nini? Mtu akupate na gari lake zuri, lenye kitanda, mwende mbali huko..."

"Nitatapika."

Fundi akasimamisha mkono.

"Natapika, Fundi. Tangu mdogo. Nikikaa nyuma kwenye gari, dakika chache tu natapika. Mumeo mwenyewe muulize. Siku ya kwanza nilimtapikia abiria mgongoni, mtu na suti yake. Mumeo akanipa kiti cha mbele, akafungua dirisha, akaniambia, Mwalimu, hapa ndipo pako maisha yako yote, usije ukaniharibia kazi. Hata siku ya harusi yangu nilikaa mbele na dereva. Mume wangu alikaa nyuma peke yake na maua."

Fundi alicheka. Hakutaka, lakini picha ya yule bwana harusi na maua yake ilimshinda, na katika kucheka huko pini moja ikamchoma Mwalimu kiunoni.

"Pole, mwanangu," akasema, na pole ile ilikuwa kubwa kuliko pini. Mwalimu alipoondoka, Fundi alikiachia kiuno cha gauni, akaacha akiba yote mahali pake, na akampandishia mgongoni vishikizo vya lulu alivyokuwa amevificha kwa ajili ya mtu maalumu.

Mtu angedhani sasa atapumua. Wapi. Kumbe kuwa na adui mwenye jina ni nafuu. Sasa wivu wake haukuwa na pa kukaa, ukawa unazurura mtaani, unakaa kwa kila mwenye kiuno. Muuza mboga. Nesi wa zahanati. Binti wa watu anayeuza vocha, ambaye Dereva angeweza kumzaa. Hata lile sanamu la kuvalishia nguo, lilikuwa na nyonga zilezile, hasa, na Fundi aliligeuza litazame ukuta.

Mapazia aliyashona. Alikuwa na hasira lakini hakuwa na uwezo wa kushona vibaya kwa makusudi mara mbili katika mwezi mmoja. Foronya ya godoro aliishona kwa kitambaa kigumu cha makochi, pindo limelala kama limechorwa. Huku akishona alipanga maneno yake: atayatundika mapazia, atamwita mumewe, atamwambia, "Gari lako limekwisha. Sasa mlete mwenyewe nimwone, na mimi nijue pa kukaa." Kwa sababu hilo ndilo lililokuwa linamnyima usingizi, kuliko kiuno cha mtu yeyote. Watoto wameoa na kuolewa. Nyumbani wamebaki wawili, na kwa miaka yote alikuwa amejiambia kwamba basi likizeeka, mume atarudi. Basi limezeeka. Mume karudi. Na sasa anajenga njia ya kuondoka tena.

Mchana ule Dereva alikuwa amekwenda kutafuta mpira wa gesi. Fundi akabeba mzigo wake hadi uani, akapanda garini, akatundika mapazia, akalivalisha godoro. Ilibaki foronya ya ziada. Akafunua ubao wa kitanda ili aiweke kwenye sanduku la chini yake, na akakuta mfuko wa plastiki. Akaufungua.

Gauni. Gauni la mwanamke, la buluu yenye vitone, mikono inaishia kwenye kiwiko.

Alikaa kitandani polepole, akalitandaza mapajani. Akalipima nyonga kwa shubiri yake, kisha akaipima ile njia nyembamba kwa shubiri ileile. Sawasawa kabisa. Palikuwa na alama za penseli ya seremala kwenye mkono wa gauni, pale kiwiko kinapokaa. Kumbe alimleta hadi humu, alimvua, akampima. Na kwa sababu mikono ya fundi hata katika msiba hutafuta kazi, akaligeuza gauni ndani nje ili aone limeshonwa na nani. Alitaka amtukane hata huyo.

Na alimtukana. Zipu ilikuwa imepinda. Ilikuwa imeshonwa, ikafumuliwa, ikashonwa tena, na matundu ya sindano ya kwanza yalikuwa bado yanaonekana. Pindo la chini limelishwa uzi wa rangi nyingine. "Fundi gani huyu mbovu," akasema kwa sauti. "Mwanamke mwenyewe hata fundi wa maana hana."

Kisha akairudia ile zipu. Akaipitishia kidole. Aliikumbuka. Aliukumbuka mpaka uzi, kwa nini ulikuwa wa rangi nyingine: ule wa buluu uliisha, na duka lilikuwa limefungwa, na yeye hakuweza kungoja. Lilikuwa gauni la kwanza maishani mwake kujishonea, mwaka ule waliooana, akiwa anajifunza kwa cherehani ya kuazima.

Dereva alipopanda garini, mpira wa gesi shingoni, alimkuta amekaa hivyo.

"Hili linafanya nini humu?" Fundi akauliza.

Mume alikuna kichwa kama kondakta aliyeshikwa na chenji ya mtu. "Umeliona. Basi tena. Nilitaka iwe ghafla, Mama Watoto. Nilitaka mapazia yakishatundikwa nikufunge macho, nikulete humu, usimame hapo kwenye sinki, kila kitu kikukae. Sasa ningekupima vipi bila wewe kujua? Wewe nikikusogelea na utepe si utacheka mtaa mzima uje? Nikakumbuka unavyowaambia watu. Mtu asipoweza kuja, leta nguo yake. Nikachukua ya chini kabisa sandukuni mwako, ili usiitafute. Nilikuwa naitundika hapa kwenye ndoano, naona kiwiko kinafika wapi, nyonga inafika wapi. Hata kona nimezipiga msasa."

Mzigo wa wiki nyingi ulimtoka Fundi kifuani wote kwa mkupuo. Hakuna Mwalimu, hakuna nesi, hakuna mtu. Alikuwa yeye. Mwanamke mwingine angelia kwa furaha pale, akamwangukia mumewe kifuani, na hadithi ikaisha watu wakaenda kulala. Fundi naye alikaribia. Alisimama kabisa. Lakini aliposimama, makalio yake yaligusa meza huku na kitanda huku, na gauni lile likawa mkononi, jembamba.

Akalinyoosha mbele ya kifua chake. Lilimfunika nusu.

"Baba Watoto, nitazame. Linanikaa?"

Dereva akatazama gauni, akamtazama mkewe, akatazama tena gauni. Alikuwa anajaribu kwa moyo wake wote. "Mimi sikuona tofauti," akasema.

Na alisema kweli, ndiyo ilikuwa shida. Hakuwa anamvika kilemba cha ukoka. Kweli hakuona. Miaka yote ile alitoka gizani na kurudi gizani, na katikati alikuwa barabarani na msichana mmoja wa gauni la buluu kichwani mwake, ambaye hakunenepa, hakuumwa bega, hakuzaa. Huyo ndiye aliyetengenezewa droo zisizopiga kelele. Fundi alimwonea wivu msichana yule, wivu wa kweli, mkali kuliko aliomwonea Mwalimu, na safari hii hapakuwa na wa kumchoma pini.

"Huyu mwenye gauni," akasema, "ulimwahidi nini?"

"Wewe?"

"Huyu. Jibu."

Dereva akafikiri, na sura yake ikalainika. "Tulikuwa kile chumba cha kupanga. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata leseni. Nilikuambia siku moja nitakupeleka hadi barabara inapoishia, tuone kuna nini."

"Alikungoja, huyu. Alikuwa anakaa dirishani na gauni lake hili, ameshatenga chakula, anasikiliza kila gari linalopita. Alikungoja sana." Fundi akalikunja gauni mara mbili. "Mimi sikungoji. Mimi niliacha zamani, hata sikumbuki lini."

Mumewe akakaa chini, pale pale kwenye ngazi ya mlango, na mpira wake wa gesi shingoni. Nje mtu alipita akauliza Bibi Mdogo ameamkaje, na hakujibiwa.

"Nitapanua njia," Dereva akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nitasogeza meza, nitashusha rafu. Nipe vipimo vyako vya sasa. Nitaanza upya, sioni tabu."

Alikuwa anamaanisha, na Fundi alijua. Akageuka alitazame jiko lile upya, jinsi litakavyokuwa likishapanuliwa. Sinki litamfikia. Ndoano ya mwiko itamfikia. Rafu ya sufuria itashuka hadi pale bega lake linapoishia nguvu. Akaona kwamba kila kilichopimwa kwa mwili wake humu ndani, wa zamani na wa sasa, ni cha kazi. Alikuwa amekionea wivu chombo cha kuoshea vyombo. Alikaribia kumharibia mtoto wa watu gauni la harusi kwa sababu ya sinki.

"Huyu ungempa jiko la magurudumu angekushukuru kwa magoti," akasema. "Mimi nimepika, Baba Watoto. Nimepika hadi nimetosheka."

"Sasa unataka nini?"

Swali lile kwa kawaida lilikuwa lake. Yeye ndiye huwauliza watu: unataka kola, unataka mikono mirefu, unataka iwe ndefu hadi wapi. Kisha akavua utepe shingoni.

"Inuka. Simama wima. Usivute tumbo."

Dereva akainuka, na kwa kuwa alikuwa mrefu akainamisha kichwa kidogo chini ya paa. Fundi akapiga goti, akaibana ncha ya utepe sakafuni, akaupandisha hadi kwenye kiwiko cha mumewe, akasoma namba. Akachukua penseli ya seremala kutoka sikioni mwa mumewe, akachora mstari ukutani, juu sana ya pale meza ilipo.

"Meza ipandishe hadi hapa. Na sinki pia. Rafu iache hapohapo, inakufaa."

"Hapo utafikaje? Utapanda kigoda?"

"Mimi sitapanda kitu. Hicho ni kiwiko chako."

Ilimchukua muda kuelewa. Fundi alimwona anavyoelewa, polepole, kuanzia macho.

"Lakini mimi sijui kupika."

"Hata mimi sikuzaliwa najua."

"Na wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nitakuwa nimekaa."

Dereva akaitazama ile meza aliyoipiga msasa kwa siku nyingi. Mtu angedhani atabisha, na huenda ndani alibisha. Kisha akautoa mpira wa gesi shingoni, akautundika, akachukua bisibisi, akapiga magoti na kuanza kuifungua meza kutoka chini.

Fundi akaliweka gauni la buluu juu ya godoro na kulikalia. Alikuwa bado na wivu na mwenye gauni, na hakuona haraka ya kuuacha. Skrubu ya kwanza ikatoka, ikafuata ya pili.

"Mama Watoto," akasema Dereva bila kugeuka, kichwa chake kikiwa ndani ya kabati. "Chai, mtu anaanza na nini?"

"Maji," akasema Fundi.